Barua Iliyozidi Hereni Uzito

Binti yangu,

Chakula kiko jikoni, nimekifunika. Mdogo wako anywe dawa akishakula, si kabla. ~~Bahasha za wateja usiziguse, nitazifunga mwenyewe.~~ Zifunge wewe, mama yako ameshindwa.

Asubuhi uliniambia hereni zinazouzwa mtandaoni hazihitaji kuandamana na barua. Nikakuuliza nani kamzaa mwenzake, nikabamiza mlango. Haya, nimefika posta, karani kaipima bahasha, kaniuliza kama hereni ni za chuma. Nikamwambia ni za shanga, nyepesi kama unyoya. Kufungua, hereni mbili na kurasa tatu za shukrani zangu. Bila barua, bahasha inakwenda kwa bei ya chini kabisa. Foleni nzima ilicheka. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini leo mkuu ndiye anayechechemea.

Nimetoka tena, nafuata bahasha nyembamba. Kila mteja mwandikie “asante” tu, kama ulivyosema.

Zile kurasa ziko chini ya kikombe. Usizitupe kabla hujazisoma. Mteja alisema anamnunulia binti yake, nikaanza kumsimulia wa kwangu, nikakosa pa kukomea.

Mama