Mbuzi ya Fardosa

Ijumaa, 2 Agosti 2024

Leo nimechinja ng'ombe nne kabla jua kutoka. Hakuna hata moja iliruka mara ya pili. Mkono moja, kisu moja, bismillahi — kwisha! Vijana wa machinjioni wanasema mzee Daud anachinja kama mtu anafungua barua. Ni ukweli. Kitale mzima hakuna mwingine.

Halafu siku ikaharibika.

Baada ya swala Shafi akanivuta kando, pale pa viatu. Shafi ndiye mwenyekiti wa kamati ya msikiti, yule wa duka la mabati. Akasema mzee, nakuheshimu, wewe angalia tu. Akanipa simu. Ni video, kuna mto. Watu wanaimba. Mchungaji amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na msichana wa gauni nyeupe. Akamzamisha. Akamtoa. Msichana anacheka.

Nikasema simjui huyo.

Namjua. Ule mwanya wa meno ni wangu. Ni Fardosa, binti yangu mmoja tu, mwenye duka la dawa za mifugo huko Bungoma. Ameacha Uislamu — na anacheka!

Sikula.

Jumamosi, 3 Agosti

Mama Fardosa alijua! Hasina, mke wangu, Mnubi wa kuzaliwa, mtu hajakosa swala hata akiwa na malaria — alijua tangu Ramadhani! Ati Fardosa alikuja hapa, akakaa jikoni, akamwambia mama mimi sijafunga, na siwezi kukudanganya.

Nikauliza mbona mimi sikuambiwa.

Hasina: Ungefanya nini, mzee? Ungepiga kelele.

Nikapiga kelele. Mpaka jirani akazima redio asikie vizuri.

Nikamuuliza na wewe ulifanya nini? Akasema nililia, halafu nikampakulia chakula. Ulitaka nimpakulie nini, mawe?

Na huyu mwanamke anafunga mpaka zile Alhamisi za sunna! Sielewi watu wa nyumba yangu.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeenda Bungoma na bakora. Kutafuta huyo mwanaume. Maana lazima kuna mwanaume! Msichana haachi dini hivi hivi. Anavutwa.

Kijana wa boda akaona fimbo. Mzee, nikupereke wapi, kwa chifu au hospitari? Nikamwambia nipeleke kwa mtu ambaye ataenda hospitali. Akacheka mpaka pikipiki ikazima.

Tabby, mama mwenye hiyo ploti Fardosa anaishi, akaniapia hakuna mwanaume huingia hapo. Hata fundi wa stima huongeleshwa akiwa nje. Sikuamini. Niliangalia nyuma ya pazia. Nikaangalia chini ya kitanda — gunia la chakula ya kuku. Fardosa amesimama mlangoni na themosi, ananitazama.

Akasema, baba, ukimaliza hapo angalia na kwa kabati.

Mdomo ni wangu huo pia.

Tukakaa. Nikauliza ni pesa? Hapana. Ni jini? Hapana. Huyo mchungaji amekuahidi viza? Akasema baba, mchungaji mwenyewe hana hata pasipoti. Ni nini basi! Akaanza kuzungusha kifuniko ya themosi. Akasema: nilisali baba, miaka mingi. Nilikuwa naongea na hakuna mtu anajibu. Siku moja nikajibiwa, na si upande ule nilikuwa nimeangalia. Ningefanya aje? Nijifanye sijasikia?

Sasa hiyo utaipiga bakora wapi?

Halafu akaniletea maneno ya guka yake. Wanyoike, baba yangu, mzee wa kanisa. Wakati huo mimi nikiitwa Mbugua bado. Siku nilimwambia nimesilimu, alisimama mlangoni na panga akasema chagua mimi au hao watu wako wa kofia. Nikamwambia hakuna mtu atanichagulia Mungu! Nikatoka miguu tupu, kwa matope. Hiyo hadithi nimeisimulia kila harusi, na watu wanapiga makofi. Kumbe huyu mtoto alikuwa amekaa pale chini anasikiliza, anaweka.

Nikamwambia hii ni tofauti.

Tofauti aje?

Mimi nilikuwa naingia kwa ukweli.

Akasema, si guka pia alisema ukweli uko kwake.

Nilitoka bila kunywa chai. Mvua ilikuwa inanyesha. Alinikimbilia na mwavuli mpaka barabarani na mimi nikakataa mwavuli. Sasa nakohoa.

Ijumaa, 9 Agosti

Kamati imeniita. Waliweka kiti yangu katikati, kama mwizi wa kuku.

Mzee mmoja alianza ati kwa vitabu vya zamani mtu kama huyo ni upanga. Nikamwambia hapa ndani mtu anajua kushika upanga ni mimi peke yangu, kwa hivyo ngoja nikuulize wewe unaanza na nani! Imamu akamnyamazisha. Huyu imamu ni kijana lakini amesoma. Akasema Kurani yenyewe imesema hakuna kulazimishana katika dini, hesabu ya Fardosa iko kwa Mola wake, na mtu akiinua mkono kwa huyo msichana yeye mwenyewe atampeleka polisi. Sawa. Nilimpenda hapo.

Lakini Shafi bado. Shafi hana matusi, hiyo ndiyo inaniudhi zaidi. Akasema mzee, hakuna mtu atamgusa. Shida ni nyama. Mji mzima unakula mkono wako. Watu wananiuliza, kama Daud anakubali murtadi, mtu ametoka dini, nyumbani kwake, kisu chake kiko upande gani? Kwa hivyo Ijumaa ijayo nisimame mbele ya watu niseme Fardosa si wangu mpaka arudi. Nisiposema, kisu apewe mwingine.

Kisu yangu! Nimeshika hicho kisu Shafi akiwa hajaota meno. Nikamwambia wewe ulizaliwa ndani ya Uislamu kama ndama amezaliwa zizini. Mimi nilitafuta mlango. Usinifundishe mlango!

Imamu akasema mzee, taratibu. Nikakaa taratibu. Hasira ikakaa na mimi.

Jumapili, 11 Agosti

Wachira amekuja, ndugu yangu wa Kiminini. Ametoka kanisa moja kwa moja, na tai. Meno nje yote.

Akasema Mbugua — yeye hajawahi kuniita Daud hata siku moja — tunafanya shukrani Jumamosi kwangu. Fardosa amerudi nyumbani kwa baba yetu.

Nikamwambia hajarudi, maana hakuwahi kutoka huko. Alitoka kwangu!

Akajifanya hasikii. Halafu akaleta ile mbaya. Tumenunua mbuzi, utakuja utuchinjie.

Mimi! Nichinje mbuzi ya sherehe ya kuniachia dini!

Akasema, si kawaida yetu? Harusi za watoto wangu ulichinja wewe. Mazishi ya mama ulichinja wewe, ndio watu wote wakule sufuria moja. Sasa tukimwita mtu mwingine, Hasina atakula nini? Na majirani zako?

Nimemfukuza. Tai na yote. Alipofika kwa geti akageuka: fikiria, bana!

Nikamtazama Hasina. Alikuwa anapiga pasi dera yake ya kijani. Ile ya Idi.

Jumatatu, 12 Agosti

Fardosa amepiga simu. Sikushika. Akapiga kwa ya mama yake, nikasikia yote, maana Hasina anawekanga spika makusudi. Ati hakumtuma anko Wachira, na hataki sherehe. Lakini anko amealika watu tayari. Na kama lazima kuchinjwe, angependa iwe mkono wa baba, kwa sababu hajui atakaa namna gani kwa meza mama yake akiwa na sahani tupu.

Hasina akamwambia mimi nitakuja. Kula ni maneno ya baba yako.

Kila mtu anaweka mzigo yake kwa bega langu, halafu wananiambia nipumzike.

Jumatano, 14 Agosti

Leo wenye bucha wamejaribu mchinjaji mwingine, mtu wa Suam. Shafi alimleta. Nilisimama pembeni na mikono nyuma. Kisu butu! Ng'ombe imeinuka na kamba, ikaburuta wanaume watatu mpaka kwa kibanda ya chai, uji ukamwagika wote. Hao wenye bucha wakanikujia, mzee tafadhali. Nikaimaliza mara moja.

Shafi akasema ni kweli, mzee, mkono wako hauna mwenzake. Ijumaa basi useme lile neno tumalize.

Hata sifa yake ina kamba.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimesimama.

Shafi alinipa maikrofoni. Msikiti ulikuwa umejaa mpaka kwa ngazi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, mafupi, huyu si wangu. Nilikuwa nimeyakubali. Nikafungua mdomo. Nikasema, Fardosa binti Daud. Hapo ndipo nilikwama, maana nishasema ni binti ya nani.

Nikasema basi. Huyu ni wangu. Amekosea, na hakuna mtu hapa amekasirika kuliko mimi. Lakini hiyo hasira ni ya nyumba yangu, msinisaidie kuibeba. Na msimuombee mabaya. Muombeeni tu.

Nikarudisha maikrofoni.

Imamu akasema amina, haraka. Wachache wakaitikia. Shafi hakuitikia. Nje watu wengi waliona viatu vyao tu. Mmoja alinipa mkono, mzee anauza mitumba Kipsongo, wala simjui jina.

Shafi akanifuata mpaka kona. Hakupandisha sauti. Akasema nimesikia kuna mbuzi kesho Kiminini. Maneno ya leo naweza kuyaeleza kwa kamati, mzee ana uchungu. Lakini ukienda huko na kisu, usikirudishe machinjioni.

Nikamwambia hata sijasema naenda. Na sikuwa nimesema!

Jumamosi, 17 Agosti

Nimekuja Kiminini kumkatalia Wachira uso kwa uso. Mambo kama haya mwanaume hakatai kwa simu. Kisu nimebeba kwa sababu natembeanga nacho.

Hasina alinitangulia. Amekaa na dera ya kijani karibu na Fardosa, sahani yake tupu kwa magoti. Nikamwambia twende nyumbani. Akasema nitakula mkono wako, mzee, ama nilale njaa hapa hapa. Fardosa akasema mama, kula hata matunda. Akasema sikuja kula matunda.

Nyaguthii, bibi ya Wachira, akasema kwa sauti ya chini kuna kijana wa jirani anaweza kuchinja, si lazima mzee asumbuliwe. Nikamtazama huyo kijana. Ameshika kisu ya kukatia sukuma wiki! Hiyo ni dhambi kwa dini zote.

Nimempigia imamu mara tatu. Nilitaka kumuuliza kama inafaa. Kusema jina la Mola juu ya mbuzi ya siku kama hii, ni kumtukuza ama ni kumtukana? Hashiki. Pengine ako kwa swala, pengine ameona ni mimi.

Basi nitachinja mimi, lakini nimewapa masharti. Hakuna kuimba mpaka nimalize. Hakuna mtu kusema amerudi. Na leo Wachira ataniita Daud. Amesema sawa. Nikasema sawa nani? Akasema sawa, Daud. Imemuuma! Nimefurahi kidogo.

Mbuzi imelazwa, imeangalia Kibla. Nimewaonyesha upande mimi mwenyewe. Nikauliza nani anashika miguu. Wanaume wakaanza kutazamana na suti zao. Fardosa akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti kwa nyasi, akashika miguu ya nyuma, vile inashikwa, dole gumba kwa ndani. Ananiangalia. Mama yake anatuangalia sote wawili.

Wameniuliza naandika nini kwa daftari saa hii, kisu kikiwa kando. Nimewaambia wangoje.