Karatasi za Mjomba Lugembe

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Wamemchagua Apolinaria! Mwanangu! Serikali imetafuta mtu wa kutunza nyumba ya mjomba Lugembe, ikazunguka weee, ikamwona binti yangu. Haya daftari, hujambo. Salamu zimechelewa.

Nyumba ni ile ile tembe, ya udongo na paa bapa, kando ya mto Wala, pale misafara ilipokuwa ikipumzika kabla ya kuvuka. Mjomba aliijenga alipochoka kubeba pembe za ndovu hadi pwani. Akakaa humo akitunga mashairi mpaka kufa kwake, mwaka wa nne huu. Sasa Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, anataka iwe nyumba ya makumbusho. Watu watoke mbali waje kutazama kigoda cha mshairi. Kigoda nilichokalia mimi nikimenya karanga!

Nimekwenda kwa jirani yangu Mwanne kuomba chumvi. Chumvi ninayo. Akaniambia, Mama Apolinaria, sema habari yako halafu nikupe hiyo chumvi usiyoitaka.

Jumatano, 4 Agosti

Apolinaria amekuja na baiskeli, viatu vyeupe, sketi imenyooka. Nani mwingine ana binti kama huyu? Anton, baba yake, akajidai hamwoni, kumbe anachungulia toka kwenye mizinga yake.

Akasema, mama, tatizo ni vitu. Nyumba tupu.

Ni kweli. Matanga yalipokwisha tuligawana, ndiyo desturi. Shoka huku, kanzu kule, kitanda kwa shemeji. Apolinaria anataka kila aliyerithi kitu akirudishe Jumamosi ya tarehe 14, siku ya kufungua. Akasema, lakini kubwa ni karatasi za mashairi. Bwana Shauri ametamka wazi: bila karatasi hakuna makumbusho, nyumba itaachwa ianguke mtoni, na yeye Apolinaria arudi alikotoka.

Nikapiga kifua. Karatasi? Zimo kwenye kasha nililopewa mimi, mpwa wake wa pekee! Lala usingizi, mwanangu!

Akanikumbatia. Na pale pale mikononi mwake nikakumbuka asali.

Yesu na Maria!

Alhamisi, 5 Agosti

Niandike, maana kusema siwezi.

Zile karatasi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mimi shule yangu ni darasa la tatu la misheni, herufi za Padri tu ndizo ninazozijua. Nilidhani ni orodha za mizigo ya msafara. Msafara gani tena, siku hizi kuna treni? Karatasi nene, nzuri. Nikazikata kwa mkasi, mviringo, nikafunikia vyungu vya asali. Juu nikapaka nta, nikafunga kwa kamba. Asali yangu ilisifiwa kwa vile vifuniko! Hata watu wa Ipole, wenye asali yao, waliichukua.

Miaka minne nimeyakatakata mashairi ya mjomba.

Nikasema, si zote, chini ya kasha zipo. Nikamwaga karanga ninazoziweka humo, nikainua ubao wa chini. Mchwa! Nilishika karatasi ya juu, ikamwagika vidoleni kama unga. Ya pili vivyo hivyo. Hakuna. Hakuna hata moja!

Nimemwambia Anton. Alicheka mpaka akashika mti. Halafu akauliza, Apolinaria anajua?

Ijumaa, 6 Agosti

Kilibaki chungu kimoja nyumbani. Nimekibandua kifuniko taratibu, nikakifunga kwenye khanga, nikaenda kwa Mwalimu Yahaya, yule wa chuo cha Kurani. Nikamwambia nimekiokota.

Alikigeuza juani. Nta ndiyo imekiponya, akasema, mchwa hawali nta. Akakinusa. Akanitazama. Umekiokota kwenye asali, mama?

Akasoma:

*Nyumba yangu ya mtoni, mlango sijaufunga,*
*Mpwa wangu wa moyoni, nimekuachia tunga,*
*Ndani yake kwa makini, nimekuweke*

Hapo mkasi umepita.

Nikasema, soma basi! Akasema, nisome nini, umekata wewe.

Mpwa ni mimi. Hana mwingine! Mjomba aliniandikia mimi, na mimi nikamfunikia asali. Ameniwekea nini kwenye hiyo tunga, hicho kikapu? Mwalimu Yahaya anasema mwisho wa ubeti uko kwenye chungu kingine, huko kilikokwenda.

Sikula leo.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya misa nilimkamata Damas, anayenipelekea asali kwa baiskeli. Nikamwambia, pita kote ulikopita, Cheyo, Kigwa, Ipole ukipata lifti ya lori. Kila mwenye chungu changu aje nacho Jumamosi nyumba ya mjomba, na kifuniko chake.

Akauliza, kisa? Nikamwambia ni amri ya Serikali. Mungu anisamehe, lilitoka lenyewe.

Mwanne alikuwa nyuma yangu, ana masikio yule. Akasema, kifuniko changu nimezibia dirisha, kinanukia vizuri, ning'oe dirisha zima? Nikamwambia, ng'oa. Akacheka, akaniona usoni, akaacha. Akasema, haya Mama Apolinaria, nitang'oa.

Jumanne, 10 Agosti

Apolinaria amekuja bila kupiga kengele ya baiskeli. Nilikuwa natwanga. Hakuniamkia.

Akasema, mama, kwa nini watu wa Kigwa wananiuliza waje na vyungu vitupu au vilivyojaa?

Nikaendelea kutwanga.

Akasema, na Bwana Shauri ananiuliza amri ya asali ameitoa nani.

Mchi ukaniponyoka. Anton akakohoa huko nyuma, akajifanya ana kazi kwenye mizinga. Mwoga!

Akafungua mkoba wake, akatoa kifuniko. Bibi mmoja wa Cheyo hakungoja Jumamosi, amekileta mapema. Nta, kamba yangu, fundo langu – fundo langu analijua, ndilo nililomfungia nywele mpaka akaenda bodingi. Akakilaza juu ya kinu. Herufi zile zile. Chini zimekatwa nusu.

Akauliza polepole, mama, hivi viko vingapi?

Ningeweza kusema sijui. Nilifungua kinywa niseme sijui. Nikasema, mia. Labda na zaidi. Na chini ya kasha ni mchwa mtupu.

Alikaa chini kwenye pumba, na sketi ile! Hajalia. Hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Anakigeuzageuza tu kile kifuniko, nami nimekuja huku ndani kuandika.

Sasa ananiita. Ananiambia nilete na kile cha kwangu, tujaribu kama kingo zinakutana.

Damas amerudisha jibu: Cheyo wanakuja, Kigwa wanapanda treni, Ipole wamepata lori. Na Bwana Shauri na mke wake. Wote wanakuja Jumamosi.