Picha ya Curt Mezani Kwangu

Kwako Mama LaVerne,

Shikamoo. Vipi goti, limekubali kupanda ngazi za kanisani? Huku wote wazima wa mwili. Watoto wanakusalimu na wanaulizia biskuti zako za tangawizi. Baridi imeanza kung'ata na mwanao Curt bado hajatoa mashua ziwani, maana tangu agombee usherifu, huo ukuu wa polisi wa kaunti, nyumbani anakuja kulala tu.

Mama, kazini kwangu, huku kwenye mafao ya askari wastaafu, si shwari. Unajua sisi waajiriwa wa serikali kuu tumekatazwa kumpigia mtu kampeni tukiwa kazini. Hata beji kifuani ni kosa. Picha ya mume mezani inaruhusiwa, hata kama anagombea, mradi iwe ya kifamilia na iwe ilikuwepo kabla ya kampeni. Yangu ilikuwepo miaka: Curt juu ya ziwa lililoganda barafu, kofia imemfunika macho, kashika samaki.

Mwezi wa nane alikuja kunichukua twende kula mchana, akasema fremu imepasuka, akaondoka nayo. Aliirudisha na picha mpya ndani, shati limepigwa pasi, anacheka. Nikaona mume wangu kapendeza, nikaiweka palepale.

Basi tangu hapo, kila nikienda kuchukua kahawa, nikirudi naikuta fremu imelazwa kifudifudi. Kwanza nilisingizia upepo. Upepo gani, na madirisha yetu hayafunguki? Nikamshuku Delphine, jirani yangu wa meza. Yeye ni wa chama kile kingine, na ana tabia ya kutazama watu juu ya miwani. Nilipomuuliza ana ugomvi gani na Curt, alinijibu, "Mwenzangu, mimi na mumeo hatuna ugomvi. Kamuulize mwenyewe." Jibu gani hilo? Nikaacha kula naye. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, nikawa nafunga hata droo kwa ufunguo.

Wiki iliyopita mkuu wa ofisi aliniita. Kuna mtu kalalamika. Mchunguzi aliyeketi naye aliweka picha yangu mezani, na kando yake karatasi ya kampeni ambayo Curt ametuma kwa posta kila nyumba. Picha ni ileile, Mama, na shati lilelile. Akasema ikibainika niliiweka kwa makusudi, naweza kufukuzwa. Akauliza nani aliileta. Nikaomba wanipe muda.

Nilitoka nikamvaa Delphine, nikamwita mnafiki mbele ya watu. Hakukasirika. Alinivuta hadi kwenye maegesho akakiri kuwa ni yeye aliyekuwa akiilaza fremu, ila hakumlalamikia mtu. Alisema askari wastaafu wanaokuja kufuatilia mafao humsimulia kwamba Ijumaa, kwenye mlo wa pamoja wa samaki wa kukaanga, Curt hupita meza hadi meza akisema, "Mkifika ofisi ya mafao mtafuteni mwenye picha yangu mezani. Ndiye mke wangu huyo. Nipeni kura, naye atawaangalia." Mzee mmoja faili lake lilikwama, akadhani ni kwa sababu alikataa kusimamishiwa bango la Curt mbele ya nyumba yake. Ndiye aliyelalamika. Delphine alinyamaza kwa kuogopa kuingilia ndoa ya mtu, akaona bora ailaze tu ile picha isionekane.

Jioni nilimuuliza Curt akiwa anavua viatu. Hakukana. Alicheka. "Acha woga, mke wangu. Waambie ni picha ya mumeo, basi. Nikishinda, hiyo kazi yako utaihitaji ya nini?" Akaenda kutazama mpira.

Nimeumia, Mama. Yule mzee namkumbuka, mguu wake aliuacha vitani. Aliondoka mezani kwangu akiamini haki yake inauzwa kwa kura, na mimi nikamtakia siku njema huku natabasamu.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Leo asubuhi nimerudi kwa mchunguzi nikaeleza yote. Jina la mwanao nimelitaja, na maneno yake nimeyataja. Curt bado hajui. Jumapili atakuja kula kwako, na bango lake najua limesimama mbele ya nyumba hapo. Sikuombi uling'oe, ni mwanao. Akikuambia mimi ni mwongo, usimjibu haraka. Mtazame kwanza usoni. Wewe ndiwe uliyemlea, utajua.

Msalimie Baba Earl na wote wa kanisani, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mkweo, kama bado utaniita hivyo,

Roxanne