Kofia ya Karatasi Aliyoivua Tata Yako Melini

Nyambura, kitinda mimba wangu, popote meli hiyo ilipokufikisha leo,

Nimejaribu kukuambia haya kwa simu mara tatu. Mara ya kwanza ulisema mtandao ni mbaya. Mara ya pili ulikuwa unakimbia kazini. Mara ya tatu ukaniambia, "Mum, hiyo maneno tuliongea ikaisha," na mimi nikabaki nimeshika simu sikioni kama mama aliyefungiwa mlango na mtoto wake mwenyewe. Haikuisha. Uliongea wewe, ukamaliza wewe. Sasa nimeketi hapa Waithaka na daftari la hesabu za mayai, nimegeuza nyuma ambako hakujaandikwa kitu, na nitasema yangu yote. Najua niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu walimu waliusifu, kwa hivyo usiniambie hukuweza kusoma.

Na barua hii ni ya wazi. Nitaisoma kwenye kikundi chetu cha wamama kanisani, kwa sababu kilichotendeka kilitendeka mbele ya watu.

Kabla sijakasirika vizuri, wacha nijivunie kidogo, hiyo ni haki yangu. Hakuna mama mwingine kutoka hapa mpaka Kinoo ambaye mtoto wake anafanya kazi kwenye meli yenye ghorofa kumi na mbili. Nimeuliza, hakuna. Watu wamezoea kuniita Mama Wangari, jina la dada yako mkubwa, lakini tangu uingie melini nawasahihisha. Nawaambia, mimi siku hizi ni Mama Nyambura, yule wa meli. Wangari amenuna, atapona.

Lakini jina hilo Nyambura si langu, na hapo ndipo maneno yetu yanaanzia.

Unajua ulivyopewa. Msichana wa tatu kwetu huchukua jina la dada ya baba, na dada ya baba yako alikuwa mmoja tu. Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kukuambia: mimi nilinuna. Nilitaka jina la dada yangu. Nikasema moyoni, huyu hata mtoto hana, sasa anapewa wangu? Tata Nyambura, shangazi yako huyo, alikuja siku hiyo na uji kwenye chupa, akakuchukua kabla hata hajavua koti, akakutazama kwa muda mrefu mpaka nikafikiri umeugua. Kisha akasema, "Kumbe mimi nilikuwa mzuri hivi nikiwa mdogo?" Tukacheka wote. Tangu siku hiyo hakukuita Nyambura. Alikuita Mimi Mdogo. Na wewe ulipojua kuongea ukamwita Mimi Mkubwa. Mgeni akiwasikia mkiitana hivyo kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine alidhani nyumba hii ina wazimu.

Unakumbuka ulivyokataa kuchanjwa mpaka achanjwe yeye kwanza? Daktari akajifanya anamdunga mkononi na kalamu, na Tata akapiga kelele kuliko watoto wote waliokuwa kwenye foleni. Unakumbuka meno yako ya kwanza kung'oka hukunipa mimi, ulimngoja yeye mpaka Ijumaa arudi kutoka kazini Kitisuru? Mimi nayakumbuka, kwa sababu yaliniuma, na sikusema.

Kitisuru alikaa miaka ishirini na minne, yaya wa watu. Familia tatu, watoto saba, na wote wakimwona leo wanamkumbatia. Aliwahi kunieleza sherehe za huko: puto mpaka kwenye miti, farasi wa kupanda, keki ya ghorofa. Nikamuuliza, "Na nyinyi mlikuwa mnakula?" Akasema, "Sisi tulikuwa tunasimama ukutani, Mama Wangari. Unashika mfuko wa nguo za kubadilisha, unashika sweta, unashika juisi. Mtoto akicheka, unacheka. Sherehe mia moja nimeenda, na sijawahi kukaa." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuambia hali ya hewa.

Kwa hivyo ulipotuandikia kwamba wafanyakazi wanaweza kuleta watu wawili wa familia siku nne, Mombasa hadi Zanzibar na kurudi, sikufikiria mara mbili. Baba yako alisema maji hayamtaki. Nikampigia Tata. Tukaenda taoni pamoja, tukazunguka mpaka miguu ikavimba, na mimi kila dukani nikitangaza, "Ni nguo za meli, mama. Binti yangu ndiye anafanya huko." Tata akachagua gauni la njano. Nikamwambia, wifi, hiyo rangi ni ya wasichana. Akajibu, "Nimevaa sare ya kijani miaka ishirini na minne. Niache."

Siku ya pili melini ulitutumia ujumbe, bado niko nao kwenye simu: "Leo saa nne niko na watoto, tunapamba biskuti. Mkuje mnione nikifanya kazi." Mkuje. Sisi wawili. Sikuandika mimi, uliandika wewe.

Tukaja. Mimi nikasimama mlangoni na wamama wengine, simu juu, nikirekodi video. Tata akapita ndani. Hakuenda ukutani, Nyambura. Nilimwona akiutazama ule ukuta, akautazama tena, kisha akaenda akavuta kiti kidogo, magoti yakafika kifuani, akaketi katikati ya watoto. Kasichana ka pembeni kakampa kofia ya karatasi, akaivaa. Akachukua biskuti, akaanza kuipaka sukari ya waridi pole pole kama anayeandika barua. Ule mdomo wake alikuwa ameukunja, ulimi umetoka kidogo. Wewe pia unatoa ulimi ukiandika. Hiyo iko kwenye video.

Halafu mama mmoja mlangoni akauliza kitu kwa sauti ndogo, na mkubwa wako mwenye redio kiunoni akakutazama. Wewe ukaenda mpaka kwa Tata na lile tabasamu lako la kazi, lenye meno yote.

"Samahani, madam. Uko na mtoto gani hapa?"

Tata akacheka. Alifikiri unamtania. Akakuambia kwa lugha yetu, "Haiya, Mimi Mdogo, wacha mchezo, nitaharibu biskuti."

Na wewe ukarudia, kwa Kiingereza, kama hujawahi kumwona. Kwamba huu ni wakati wa watoto na wazazi wao. Kwamba mtu mzima asiye na mtoto hawezi kukaa. Kwamba na kofia pia, tafadhali, ni za watoto.

Alikutazama kifuani. Ile beji yako nyeupe. NYAMBURA, na chini yake KENYA. Jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa, likimwambia ainuke.

Akaivua kofia, akainyoosha kwa kiganja kama anayepiga pasi, akamwekea yule msichana juu ya kofia yake, zikawa mbili. Biskuti akaiacha nusu. Alipofika mlangoni aliniambia maneno haya na sijayaongeza hata moja: "Twende, Mama Wangari. Hapa ni pa wenye watoto."

Sasa najua utakavyosema, kwa sababu ulishasema. Ni sheria. Kuna kamera. Ungefutwa kazi. Si kila mtu mzima anayependa kukaa na watoto wa wenyewe ana moyo safi, na watoto wa watu ni dhamana yako. Nyambura, mimi sipingi hiyo. Unafikiri mimi ni mshamba? Umesahau mchezo wa watoto wa kanisa kule Kinoo, yule mwanamume aliyekuja na peremende mfukoni na hakuna aliyemjua? Nani alimfukuza? Ni mimi. Nilipiga kelele mpaka akaruka ua, na sijui mpaka leo kama alikuwa mbaya au alikuwa mpweke tu, na ningemfukuza tena kesho. Kwa hivyo usinifundishe habari ya kulinda watoto, nimelinda watatu na wote wako hai.

Lakini sheria yenu inauliza swali ambalo si lenyewe. Inauliza, una mtoto? Mtu mbaya anaweza kuwa na watoto sita. Mimi ningeuliza, nani anakujua? Yule wa Kinoo niliuliza uwanja mzima, "Huyu ni wa nani?" na uwanja ukanyamaza, ndiyo maana akaenda. Wakija wazee wasio na watoto, wakija wanandoa ambao Mungu hakuwapa, au msichana mkubwa ambaye utotoni hakupata keki, na wanataka tu kupaka sukari kwenye biskuti, kwani biskuti itaisha? Waulizwe ni wa nani. Mtu wa kuwajua akipatikana, wavutiwe kiti, na huyo mwenye kuwajua akae nao hapo. Asipopatikana, watolewe kwa heshima. Hiyo naikubali.

Tata alikuwa na mtu wa kumjua mle ndani. Mtu huyo alikuwa wewe, na sare na beji. Neno lilikuwa moja tu: "Huyu ni wangu." Ungemwambia mkubwa wako hilo, na kama angekataa, basi ungemshika Tata mkono umtoe mwenyewe mkicheka. Angetoka kama malkia. Hakuumizwa na kutolewa, mwanangu. Huyo ametolewa sehemu nyingi.

Nimekasirika, na kadiri ninavyoandika ndivyo hasira inavyogeuka na kunitazama mimi.

Tuliporudi baba yako alisikiliza yote, akazima redio, akauliza swali moja. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa mlangoni. Hatua sita, labda saba. Dakika hiyo hiyo nilikuwa nimemaliza kumwambia mama wa watu, mgeni kabisa, "My daughter! That one!" nikimwonyesha kidole. Ningeweza kuingia. Ningeweza kusema, huyo mama mnayemtoa, msichana wenu amepewa jina lake. Lakini nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili ili picha yako isitetemeke. Na kuna kitu kingine, nikiandike kabla sijaogopa: miaka yote hiyo ya Mimi Mdogo na Mimi Mkubwa, nilingoja siku moja ambayo ungekuwa wangu peke yangu mbele ya watu. Hiyo siku ikafika, na ndivyo ilivyokuja.

Video hiyo nimewaonyesha wamama wote wa kanisa. Wanakuona ukiimba, ukigawa kofia, wanasema waa, Mama Nyambura, Mungu ni mwema. Tata anapoketi kwenye kiti kidogo, mimi huwa naichukua simu, nasema chaji imeisha. Simu yenyewe iko na chaji.

Na Tata je? Unauliza kila wiki kama ni mzima. Ni mzima. Anatoka chumba chake cha Kinoo, anakuja hapa Jumatano, ananisaidia na kuku, anacheka na baba yako. Lakini nikwambie mambo mawili. Ile Jumapili ya watoto mwezi ujao, ambayo kila mwaka yeye ndiye hufundisha wadogo mistari na kuwashonea kanzu za malaika kwa mashuka makuukuu, mwaka huu amerudisha mashuka. Mwalimu wa Sunday school akamuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi sina mtoto hapo. Waitwe wenye watoto." Watoto thelathini wako hapo na hakuna anayejua mstari wake.

La pili lilikuwa juzi. Alikuwa anaokota mayai, akaniuliza bila kugeuka, "Mtoto wenu amefika nchi gani sasa?"

Mtoto wenu. Miaka ishirini na sita sijasikia akikuita hivyo. Yai lililokuwa mkononi mwangu nililiweka chini kwanza kabla sijajibu.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa sikuombi. Mwezi ujao uko likizo. Mimi nilikuwa nimeshapanga yangu: hema, wamama na nyimbo langoni, ushuke ukiwa na sare ili wakuone vizuri. Unanijua. Hayo yote nimeyaweka kando. Ukitoka uwanja wa ndege usije Waithaka. Mwambie dereva akupeleke Kinoo kwanza, na sare hiyo hiyo, na beji hiyo hiyo kifuani. Usimweleze sheria. Sheria anazijua, amefanya kazi ndani ya sheria za watu tangu kabla hujazaliwa. Bisha mlango, na akiuliza nani, unajua la kujibu. Ulilijua kabla hujajua kutembea.

Kaa huko mpaka mmalize. Chai yangu ikipoa nitaipasha. Majirani wakiuliza mtoto yuko wapi, nitawaambia ameenda kumwona mwenyewe, mwenye jina, na wakitaka kucheka wacheke.

Halafu ile Jumapili ukae naye mbele, kwenye viti vile vidogo, magoti kifuani wote wawili. Mimi nitakuwa nyuma na simu, na safari hii itatetemeka itakavyo. Kanisa letu siku hizi lina wageni wengi wasiotujua. Mmoja wao akimwinamia Tata amuulize yuko na mtoto gani hapo, usimwachie yeye kujibu.

Nakungoja kwa hasira na kwa mapenzi,

Mama yako, ambaye safari hii atapiga foleni.