Mkwe Wangu Alichora Mamba

Bi Kidawa, salamu za heshima kutoka Mabela, naomba unisaidie maana leo nina furaha mpaka sijui niiweke wapi na papo hapo nina jambo linanikaba, na yote mawili yametoka kwenye mchezo wa mezani.

Mimi ni mwalimu, mume wangu ni Majid, tuna mabinti wawili, Rawan wa miaka kumi na moja na Malak wa miezi minane, na tunaishi na mama mkwe wangu, Bi Muhsina, mzaliwa wa Unguja, ambaye ndiye anayebaki na Malak nikiwa kazini. Sikukuu iliyopita wifi yangu Wijdan alituletea mchezo wenye ubao, kete na kadi za picha. Mnacheza wawili wawili. Mmoja anatazama kadi na kukieleza kitu bila kukitaja, mwenzake anasikiliza anakichora, na akikipata kabla mchanga haujaisha kwenye kichupa cha kupimia muda, kete yenu inasogea. Bi Kidawa, nyumba imegeuka! Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana simu zinawekwa kikapuni, Wijdan anakuja na watu wake kutoka Sib, na Rawan, aliyekuwa kila ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiarabu cha huku kwetu, sasa anapiga kelele "kifuu! mbuzi ya nazi!" mpaka jirani anauliza kulikoni.

Ijumaa ya juzi kura ikanipanga na mama mkwe, nikanung'unika moyoni, maana kwa miezi nilikuwa namsalimu jikoni haitiki, nikajua hanipendi, na mimi nikaacha kumsalimu. Kadi yangu ilikuwa birika. Nikasema, "Kina mdomo mrefu, kina mkono, kinakaa motoni." Akachora kwa bidii, mchanga ukaisha, akainua karatasi: mamba!

"Si umesema kinakaa mtoni?"

Watu walicheka mpaka Majid akateleza kutoka kwenye kochi, na mama mkwe mwenyewe akacheka, lakini nilimwona analishika sikio la kushoto. Nikahama, nikakaa kulia kwake. Kadi iliyofuata sikumaliza hata maneno manne, keshachora mwavuli. Halafu cherehani. Halafu ngazi. Tulishinda, Bi Kidawa! Tuliwashinda akina Wijdan ambao hawajashindwa tangu Sikukuu, na Bi Muhsina akapiga kigelegele akanikumbatia, mara ya kwanza tangu niolewe!

Tulipokuwa tunaosha vikombe akanishika mkono. "Mwanangu, sikio hili halisikii tangu homa ile ya mwezi wa Rajabu. Nnakuomba usimwambie Majid. Ataleta mtumishi wa kulea, na mimi n'tawekwa kitini kama mgonjwa. Malak ndiye kazi yangu."

Nikaahidi, kwa furaha ya ushindi. Kesho yake ndipo nikakumbuka kuwa mwezi uliopita nilirudi saa nane mchana nikamsikia Malak akilia tangu getini, na bibi yake amelala pembeni yake kwa ubavu wa kulia, sikio zima limezama kwenye mto wa kitanda, nikakasirika nikidhani hajali. Sasa nikisema, nampoteza mama niliyempata juzi. Nikinyamaza, je, mwanangu? Nifanyeje?

Nasriya, Mabela

*

Nasriya, hongera kwa ushindi, na huyo mamba amenichekesha sana. Sasa tuache kucheka. Mtoto wa miezi minane hangoji gazeti litoke, ndiyo maana nilikupigia simu Jumapili, siku ile ile barua yako iliponifikia, nikakwambia haya ninayoyaandika kwa faida ya wengine.

Umeahidi kumsitiri mama, na ni vizuri. Hukuahidi kumwacha mtoto alie peke yake. Ukimya wako ulikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa ile siku ulipokumbuka, si wiki moja baadaye! Na hilo la kuacha kumsalimu mtu mzima, ona haya. Miezi yote hiyo hukumuuliza hata mara moja, "Mama, umenisikia?" Uliamua tu kuwa anakuchukia. Mwombe radhi, umtajie kosa lenyewe.

Nilikwambia usimtangulie mama kwa Majid. Umpe nafasi aseme mwenyewe, siku hiyo hiyo, na wewe ukae karibu. Jumatatu ukanipigia kwa sauti ya furaha hata nikaiweka simu mbali na sikio: amesema! Amesema mkiwa mnakula, na Majid, ambaye mama alikuwa anamhofia, akaweka kijiko chini akasema, "Mama, na mimi nilidhani umenikasirikia." Kumbe nyumba nzima mlikuwa mnanuniana kwa ajili ya sikio moja.

Yaliyobaki ni haya. Wiki hii hii mpelekeni kwa daktari wa masikio, Majid aombe ruhusa kazini. Huenda ni uchafu umeziba, huenda ni kubwa zaidi, hamtajua mpaka atazamwe. Mpaka hapo, Malak asibaki na bibi yake peke yao. Umeniambia Wijdan yuko likizo. Basi aje asubuhi, lakini asimnyang'anye mtoto. Bi Muhsina ampakate, amwogeshe, amlishe, na Wijdan awe wa kusikia tu. Mkija kumwajiri mtumishi, bibi ndiye amchague na amfunze. Na mtu yeyote, hata Majid, akianza kupanga mambo ya mama mbele yake kana kwamba hayupo, mkatize hapo hapo: "Muulize mwenyewe. Yupo, na anakusikia."

Bi Kidawa