Namba ya Mashine ya Nne

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa (dukani naitwa Kimya). Umri: miaka 18. Kazi: mwanafunzi, namsaidia mjomba kwenye duka lake la intaneti. Makazi: kwa mjomba, nyuma ya duka, pamoja na mama.

Fundi mliyemweka mahabusu ndiye aliyenifundisha kukagua kompyuta kila asubuhi kabla hatujafungua. Naandika amri kwenye lile dirisha jeusi la kwenye skrini, nasoma mstari wa DNS, nanakili namba yake daftarini. DNS ni kama mtu unayemuuliza njia: unamtajia jina la tovuti, anakuelekeza ilipo. Akiwa mwongo, anakupeleka kwenye ukurasa bandia unaofanana na ule wa kweli.

Fundi alikuja mara ya mwisho Alhamisi tarehe 5. Ijumaa, saa 1:30 asubuhi, mashine zote sita zilikuwa sawa. Jumamosi na Jumapili tulifunga. Ufunguo anao mjomba peke yake.

Mnamo Jumatatu tarehe 9, saa 1:40 asubuhi, mashine ya nne ilikuwa na namba nyingine. Nilimwambia mjomba. Akacheka: "Profesa! Nani kakupa mtihani hapa? Funga hilo dirisha ukafagie." Nikafagia.

Saa 4 akaingia muuguzi aliyekuwa mchumba wa mjomba, kisha yeye akamwacha mjomba. Alitaka kukaa mashine ya kwanza. Mjomba akasema, "Kaa ya nne, dada, ndiyo yenye kasi." Muuguzi akanitania, "Kimya, leo hata salamu umeninyima?" Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, "Shikamoo." Akaketi, akaandika nywila yake ya barua pepe.

Jioni barua zake za siri zilitumwa kwa wafanyakazi wote wa hospitali yao.

Jumanne asubuhi namba ilikuwa imerudi kama zamani. Kwa kumwambia ile Jumatatu, mimi ndiye niliyemwonyesha mjomba cha kufuta. Polisi walipokuja siku hiyohiyo, alimtaja fundi. Nilikuwepo. Shuleni nasifiwa kwa kuzimudu lugha mbili. Pale sikupata hata moja.

Leo ni siku ya tano fundi yuko ndani. Mama yuko nje kwenye benchi. Njiani aliniambia, "Mwanangu, mjomba wako ndiye anayetuweka. Sema hujui."

Najua. Daftari nimelikabidhi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyanyamazia. Nimesomewa, ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Afisa: Yamechukuliwa tarehe 14, saa 5:20 asubuhi. Daftari moja limepokelewa. Shahidi ameomba atokee mlango wa nyuma. Kituo kina mlango mmoja.