Korea Anakutafuta

Khayega,
Kakamega.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Phineas,

Mulembe, mulembe sana. Pokea salamu kwanza, halafu uniambie: kifua kinaendeleaje? Mama yako alisema baridi ya huko ilikukohoza kwenye simu mpaka yeye naye akaanza kukohoa huku. Unakula? Huo mchele wa kila siku unaweza kweli kumshikilia Mwisukha kama wewe, aliyezoea obusuma, ugali wa kwetu?

Sisi tu wazima. Mke wangu Abigail goti linamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mimi nguvu ni zile zile. Juzi nilibeba gunia la mahindi kwa bega moja kutoka barabarani mpaka stoo, Abigail akiwa amelishikilia kidogo tu kwa nyuma.

Barua hii naituma kwa mkono wa Jepkosgei, binti wa mwalimu jirani yetu, aliyepata nafasi ya kusoma huko Korea. Kwa simu huwezi kuzungumza na mtu. Unasema "sawa mjomba, sawa mjomba," halafu zamu inakuita unakata. Na hili ninalotaka kusema si la kukatwa. Mama yako ameniambia kiwanda cha meli kinataka uweke sahihi ubaki huko moja kwa moja, na wanangoja jibu kabla ya mwaka kuisha. Aliniambia akichambua mboga, hakuinua kichwa. Unamjua Jescah. Akinyamaza hivyo, ujue amelia tayari.

Lakini ngoja nikupe habari za soko kwanza.

Ujue hapa Khayega hakuna mtu anayefungua mdomo juu ya nchi za Asia kabla mimi sijasema. Niliachia shule darasa la saba, ni kweli, lakini yale uliyonieleza nimeyashika yote na mengine nimeongeza. Nawaambianga: babu yenu alipokuwa anajenga nyumba ya mabati ya kwanza, Wakorea walikuwa watu wa jembe na njaa ya vita. Hawana mafuta, na nusu ya nchi ni mlima. Walianza na nini? Nywele! Walitengeneza wigi wakauzia Amerika. Kutoka wigi wakaingia nguo, kutoka nguo chuma, kutoka chuma meli, na leo kuna simu zao mifukoni mwa vijana wa boda. Yote hayo ndani ya maisha ya mtu mmoja. Taiwan na Singapore nao nimewajumlisha hapo hapo, kwa sababu waliamka siku moja.

Shiro wa saluni akaniuliza, "Sasa mzee Sylvanus, mimi nina magunia ya nywele hapa, mbona sijaunda meli?"

Nikamwambia, "Wewe unafungua duka saa tatu. Mkorea saa tatu ameshamaliza meli ya kwanza."

Watu walicheka mpaka mwenye chai akasahau kudai pesa yake. Na meli nazo nimezikuza kidogo. Nimewaambia ile uliyochomelea wewe mwezi wa sita, ukisimama mbele yake hapa Khayega, nyuma yake inafika Malava. Kama nimekosea, ni kwa hatua chache.

Basi unakumbuka yule ndama uliyeniachia, aliyefiwa na mama yake, ukamnywesha maziwa kwa chupa ya soda mpaka usiku wa kuamkia safari yako? Mbavu nje, miguu kama vijiti vya kuwashia moto. Tulimwita Korea ili tumcheke. Sasa hakuna anayecheka. Nimemlisha machicha ya pombe ya busaa na majani ya mtoni, na ndani ya miaka hii amekuwa fahali ambaye akitoka zizini, kivuli chake kinatangulia kufika sokoni. Nilimlea peke yake, mbali na ng'ombe wengine, kama inavyotakiwa kwa fahali wa kupigana. Kila jioni nilimwekea sauti yako kwenye simu, zile jumbe unazonitumia, ili asisahau aliyemnywesha. Unajua mwenyewe kwamba fahali haingii uwanjani bila sauti ya aliyemlea.

Nilitaka kukungoja. Lakini fahali naye ana umri wake, na Shikanga, mpinzani wangu wa fahali, amekuwa akinitukana kila Jumamosi kwamba namficha Korea kama bibi arusi. Kwa hiyo jana alfajiri tukamtoa. Ngoma za isukuti zilipigwa mpaka kuku wakashuka mitini kabla ya wakati. Watu walijaa kuzunguka uwanja wote.

Korea akaingia. Akasimama katikati. Fahali wa Shikanga akaja akichimba udongo, pembe chini, na wetu akamwangalia tu kama mgeni anayengoja kuonyeshwa kiti. Nikamsifu kwa majina yake yote, koo likakauka. Wapi! Akageuza shingo kutazama njia ya kurudi nyumbani.

Shikanga akapaza sauti, "Sylvanus! Kumbe hii Korea yako ni ile ya kaskazini!"

Phineas, uwanja mzima uliangua kicheko. Nilisikia hata wanawake wa ndizi kule barabarani wakicheka. Ndipo nikatoa simu, nikaiweka juu kabisa, nikaielekeza kwake. Sauti yako ikatoka: "Mulembe mjomba! Kwani mmelala? Korea amekula?"

Masikio yakasimama. Nakuapia kwa yote ninayoapiaga. Alimwendea yule fahali wa Shikanga kama lori lililokatika breki, wakagongana mara moja tu, na yule mwingine akashika njia ya msituni. Mpaka naandika hii bado wanamtafuta. Wengine watakwambia alikimbilia tu kwenye migomba ya jirani. Usiwasikilize.

Tukaruka, tukaimba, nikabebwa juu juu. Halafu nikamwona Korea haringi. Alikuja kwangu polepole, akanusa simu. Akanusa mkono wangu. Kisha akanizunguka, akaenda nyuma yangu, akasimama akiangalia. Alikuwa anatafuta mtu, Phineas. Alidhani umesimama nyuma yangu.

Hapo nikaizima ile simu.

Nikakumbuka ulivyonieleza siku ulipokwenda kijijini kwa msimamizi wako. Barabara safi ya lami, taa kila mahali, na shule imefungwa kwa sababu hakuna mtoto. Ukasema mama yake anakaa peke yake, amepanga viatu vya wanawe mlangoni na wote wako mjini. Ulipoeleza, nilicheka nikasema hao ni wazee wasiopenda kelele. Kwa Shiro sijawahi kuisimulia sehemu hiyo. Na sasa najiuliza, huyo mama naye hakuwa akisimama sokoni kwao wakati ule wa chuma na meli, akiwasifu wanawe mpaka chai inapoa?

Sitakukataza kuweka sahihi. Kazi ni nzuri, na mimi ndiye niliyeipigia kelele kuliko wote. Ukibaki, nitaendelea kukusifu, na meli zitafika mpaka Webuye. Lakini ile nyumba yako ya ujana pale kwa mama yako, Jescah anaifagia kila Jumamosi na haingizi kitu ndani, hata gunia. Naye Korea tangu jana analala ameelekeza kichwa njiani. Nami pia, nikisikia boda imepunguza mwendo pale kwenye kona, nasimama. Nimezoea tu kusimama.

Nisalimie huyo msimamizi wako, na mama yake zaidi. Jepkosgei amebeba njugu na mboga ya mrenda iliyokaushwa; umgawie huyo mama. Mama yako anakusalimu, Abigail pia, na anasema uvae sweta mbili. Mungu akulinde juu ya hizo meli ndefu, akushike mkono unaposhuka.

Neno la mwisho. Jana, vumbi lilipotulia, Shikanga alinijia bila matusi akaniuliza, "Mwenye hiyo sauti yuko wapi?" Nikamjibu mbele ya watu wote, "Anakuja Disemba." Nimesema mengi sokoni humu, na mengi hayajahitaji kuwa kweli. Hili moja, mpwa wangu, siwezi kulifanya kweli mimi mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako, ninayekusifu ukiwepo na usipokuwepo,
Sylvanus